Dadu Yenye Tano Mbili

Mama Riziki ameniuliza mara tatu. Mwalimu Mwakalinga ameniuliza mara moja tu kwa mdomo, lakini kwa macho ananiuliza kila akipita jikoni kwangu shuleni. Hawa hakuniuliza kabisa, alikwenda kumwuliza jirani yangu, kama kawaida yake. Nyote mnataka kujua kitu kimoja: Adela, siku nane zote hizo ulikuwa wapi, na miguu imevimba kwa nini? Nimeamua kuandika. Nikisimulia mtanikatiza, na mimi nikikatizwa husahau nilipoishia. Mtaona humu ndani kwamba hilo si jambo dogo.

Nilikwenda kumtafuta Zuhura, mchezaji mwenzetu, nimwombe radhi. Niliondoka nimeapa kwamba sirudi Bangwe kabla sijamwona uso kwa uso, hata kama ingenibidi nimfuate hadi mwisho wa ziwa.

Bangwe, kabla ya kuondoka

Mchezo wetu wa Nanga mnaucheza hata usingizini, lakini karatasi hizi huenda zikasomwa na mtu mwingine, kwa hiyo naeleza. Unahitaji dadu sita, kikombe cha bati, na kipande cha karatasi cha kuandikia alama. Unatikisa, unamwaga mkekani. Moja ina alama mia, tano ina hamsini, na namba tatu zinazofanana zina alama zake. Zenye alama unaweka kando, zilizobaki unarusha tena ukitaka. Ukiridhika unasema "Nanga!" na alama zako zinaandikwa. Ukishikwa na tamaa ukarusha tena, dadu zikatoka tupu, umezama, na yote uliyochuma zamu ile yamekwenda na maji. Wa kwanza kufika elfu tano ameshinda, wa mwisho anaosha vikombe vya chai. Hatujawahi kuweka hata shilingi.

Mnakumbuka kwamba dadu moja ilipotea wakati wa mvua. Kuku wa Hawa aliimeza, ingawa Hawa anakataa mpaka leo. Nikamwendea shemeji yangu Gervas, fundi seremala wa kule Simbo, atuchongee nyingine kwa kipande cha mninga. Kuchonga si kazi, kazi ilikuwa vitone. Alikuwa anavichoma kwa msumari wa moto, mkono mmoja umeshika koleo, wa pili umeshika dadu, hawezi kugeuza ile ya plastiki niliyoileta kama mfano aangalie. Akaniambia, "Shemeji, nisomee." Nikawa namsomea. Nikasema moja. Nikasema sita. Nikasema tano.

Hapo akapita bibi mmoja wa pale Simbo, ana jembe begani. Mnajua kwetu Waha huwezi kumpungia mtu mzima mkono ukaendelea na mambo yako. Niliweka dadu chini, nikainuka, nikainama, nikapiga makofi. Mwakeye bibi. Akaitikia. Watoto? Wazima. Mzee? Mzima. Shamba? Muhogo je? Ng'ombe wa mjomba, yule aliyeumia mguu? Tuliwamaliza wote, mpaka huyo ng'ombe. Aliposhika njia yake nikaketi, nikaiokota dadu, nikaona tano imenitazama. "Tano," nikasema. Kisha tatu. Kisha nne. Gervas akachoma.

Miezi mitatu tulicheza na dadu hiyo, na hakuna aliyeiangalia vizuri. Nani hukagua kijiko anachokilia kila siku?

Halafu ikaja Jumapili ile ambayo Zuhura alishinda mara nne mfululizo. Mwalimu alinitania, "Asiyekubali kushindwa si mshindani, Mama Adela," na mimi damu ikachemka. Nikaichukua ile dadu ya mti nikaigeuza, nikaona tano upande huu, na tano upande ule. Nikasema maneno ambayo mliyasikia wenyewe. Nikasema, "Zuhura, umetubadilishia dadu. Wewe ni mwizi." Zuhura alinitazama, akamtazama Mwalimu, akanitazama tena. Akasema, "Haya," akavaa kandambili zake, akaondoka. Na ninyi mlinyamaza. Nasema tu, kwa sababu ni kweli.

Kazi ya Zuhura mnaijua. Pale mwaloni, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, wanawake wanaanika dagaa, na wenye shughuli nyingine wanamwachia yeye awageuzie, afukuze ndege, aanue wingu likitanda, kisha wanampa bakuli lake jioni. Hana mtumbwi wala duka. Ana jina lake tu. Neno "mwizi" lilifika mwaloni kabla yake asubuhi iliyofuata, na baada ya wiki mbili hakuna aliyemwachia hata dagaa mmoja. Akafunga chumba, akaondoka bila kuaga.

Juzi hapa, shule ilipofungwa, Gervas alikuja kutengeneza benchi la jikoni kwangu. Akaiona dadu dirishani, akacheka. "Bado mnacheza na hii yenye tano mbili?" Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Si wewe ulinisomea? Ulisema tano, ukasalimiana, ukasema tano tena. Nikajua ndivyo mchezo wenu unavyotaka. Fundi anatengeneza alichoagizwa." Kisha akanionyesha alama yake, kijitone kidogo alichokichoma pembeni, kama anavyofanya kwenye kila kiti chake.

Nilikaa chini palepale jikoni. Kulipopambazuka nilifunga dadu zote sita kwenye kitambaa, nikaondoka.

Bangwe hadi Kalinzi

Niliambiwa Zuhura yuko kwa dada yake, Mwasiti, huko Kalinzi. Nikachukua bodaboda. Mvua ilikuwa imenyesha juzi yake, na kadiri tulivyopanda ndivyo njia ilivyogeuka uji. Mara mbili kijana aliniambia, "Mama, shuka kidogo." Mara ya tatu hakuniambia, pikipiki ilinishusha yenyewe. Nilifika kwa Mwasiti nikiwa na matope hadi kiunoni, na watoto wa jirani wakaniandama wakidhani mimi ndiye yule mtu wa kupima mashamba waliyekuwa wakimsubiri. Mzee mmoja alikwisha anza kunionyesha mpaka wake.

Mwasiti alikuwa uani, amezungukwa na maharage makavu bado kwenye maganda. Nilimwamkia, nikamweleza mimi ni nani. 

"Wewe ndiye Adela wa dadu?"

"Ndiye mimi."

"Karibu kiti."

 Aliniletea maji ya kunawa, akaniletea ndizi zilizopikwa na maharage, mawese yameelea juu, na kikombe cha kahawa ya shambani kwake, nzito hasa. Nilikula, maana huku kwetu hata adui analishwa kwanza. Nilipomaliza nikamwuliza Zuhura yuko wapi. Akasukuma nusu ya maharage upande wangu.

Basi nikapukuchua. Saa nzima tulipukuchua. Nikauliza tena, akanisogezea tena. Nikasema moyoni, sawa, dada, mimi ni mpishi wa shule, nalisha wanafunzi mia nne, huwezi kunitisha kwa maharage. Jua lilikuwa linaegemea milima nilipomaliza debe zima na vidole vimechanika. Mwasiti alipitisha mkono kwenye punje, akaona hakuna taka hata moja.

"Hayuko hapa," akasema. "Amekwenda kwa mjomba wetu Buhingu. Wiki tatu sasa."

"Na umeniacha nipukuchue maharage mchana kutwa?"

"Mdogo wangu alilia humu ndani siku nne," akasema. "Wewe umepukuchua mchana mmoja."

 Nililala kwake, na asubuhi akanipa mfuko wa maharage nimpelekee Zuhura.

Kalinzi hadi Ujiji

Kuteremka kulikuwa kwepesi, isipokuwa nilibanwa kati ya dereva na mkungu wa ndizi ambao haukuwa wangu. Nilifika Ujiji, pale boti za kusini zinapopakia, nikakuta boti ipo na abiria wamekaa mchangani. Nikauliza inaondoka lini. Wakaniambia, "Sasa hivi."

Sasa hivi hiyo ilikuwa ya kesho yake. Kulikuwa na kitanda cha bibi harusi kilichotakiwa kupelekwa Sigunga, na fundi alikuwa bado anakipaka vanishi. Ndugu wa bwana harusi waliapa boti haitang'oka bila kitanda. Nahodha alisema atakiacha. Akasema hivyo tangu saa nne hadi jioni, na boti ikabaki palepale. Asubuhi kitanda kikaja, bado kinanata, kikafungwa juu ya magunia, na kila aliyekigusa alishuka na rangi mkononi. Mimi ilinishika kwenye kiwiko, na ipo mpaka leo.

Nilikaa kati ya kreti za soda na bibi mmoja mnene mwenye kuku aliyefungwa miguu. Jina lake Bibi Ntahondi, naye alikuwa anakwenda Buhingu kwa mwanawe. Kabla boti haijafika maji ya kina alikwisha niuliza umri wangu, dini yangu, na sababu ya kusafiri peke yangu. Viwili vya kwanza nilimjibu.

Ujiji hadi mahali tulipokwama

Ziwa lilikuwa limetulia. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno nitakayomwambia Zuhura, na kila nikianza naitoa ile dadu, naigeuza, midomo inacheza, kisha nairudisha kitambaani. Labda nilifanya hivyo mara kumi. Kwangu lilikuwa jambo la kawaida.

Baada ya kushusha kitanda Sigunga tukaendelea, na haikupita saa moja mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Nahodha aliivuta kamba mpaka jasho likamtoka. Wakapiga makasia, wakatufikisha kwenye ufukwe mdogo wenye nyumba saba na minazi miwili. Kuna bomba fulani lilikuwa limepasuka, ikabidi asubiriwe mtu mwenye jingine atakayepita kesho. Watu wakashuka wakinung'unika.

Hapo ndipo Bibi Ntahondi aliponisogelea, akachuchumaa mbele yangu, akapunguza sauti.

"Mwanangu, zinasemaje?"

"Nini, bibi?"

"Hizo zako za kitambaani. Nimekuona tangu Ujiji unazisomea. Boti itapona?"

Nilicheka. Ilikuwa kosa, maana alidhani nimekataa kumwagulia bila zawadi, akaniwekea kuku wake mapajani. Kugeuka hivi, naona wanawake watatu nyuma yake wanasubiri zamu. Mmoja anataka kujua kama mumewe aliyekwenda Mpulungu atarudi. Nahodha akaja mbio, macho yamemtoka.

"Mama, kama unapiga ramli kapigie mbele! Ndiyo maana mashine imezima!"

"Ramli gani? Huu ni mchezo!"

"Mchezo gani wa mtu mmoja, anaongea na dadu?"

Kwa kweli alikuwa na hoja. Na mnanijua, nikishukiwa kwa jambo ninalojua si kweli, silali. Nilimrudishia bibi kuku wake, nikatandika kanga yangu mchangani, nikaomba kikombe. "Kaeni," nikawaambia. "Wote. Wewe pia, nahodha. Leo mtajua Nanga ni nini."

Niliwaelekeza kwa dakika tano. Nilitumia dadu tano nzuri, ile ya mti nikaiacha kitambaani. Zamu ya kwanza walirusha kwa woga, kana kwamba zitawaka. Zamu ya pili mvulana mmoja wa Mwanga alipiga kelele, "Mama, hii kitu ni noma!" Zamu ya tatu nahodha alikuwa amepiga magoti, amesahau mashine. Wenyeji wa zile nyumba saba walikuja kutazama, wakabaki kucheza. Wakatuletea ugali wa muhogo na samaki, migebuka ya kuchoma, na walioshindwa ndio waliosuuza masufuria ziwani.

Bibi Ntahondi alicheza kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Hakuwahi kusema nanga. Anapata mia tatu, anarusha. Anapata mia sita, anarusha. Anazama, anacheka mpaka anashika mbavu, anampa mwenzake kikombe.

"Bibi, tia nanga!" watu wanamwambia.

"Nitie nanga nifanye nini? Nimekuja kusafiri."

Alimaliza na alama sifuri. Na huyo ndiye aliyekiona kitambaa.

"Mbona iko moja huchezi nayo?"

Nilijaribu kumpoteza, lakini mtu aliyekuuliza dini yako kabla hata hujatoka bandarini hapotei. Basi nikawaambia. Niliwaambia wageni watupu, na mchanga umenijaa miguuni, habari ya Gervas na ya yule bibi mwenye jembe, na lile neno nililomwita mwenzangu.  Dadu ikapita mkono kwa mkono.

Bibi Ntahondi hakunipa pole. Aliniuliza, "Ulimwita mwizi mbele ya watu wangapi?"

"Kama kumi hivi."

"Na utamwomba radhi ukiwa na nani?"

"Mimi na yeye, faraghani."

"Ahaa." Akatema mate kando. "Kumtukana, barazani. Kumwomba radhi, uvunguni. Ego, ndiyo, mwanangu, nyie watu wa mjini mna akili sana."

Watu walicheka, na mimi uso ulinichoma. Lakini alikuwa amesema kweli. Safari nzima nilikuwa nimepanga maneno ya mlango uliofungwa.

Buhingu

Bomba lilipatikana kesho yake mchana, tukafika Buhingu alasiri. Nilishuka nikiwa na mfuko wa maharage, kitambaa changu, na kuku wa Bibi Ntahondi, kwa sababu alisema mgongo unamuuma na mimi nina deni la ramli. Nyuma yetu walitufuata abiria sita wa Buhingu ambao wangeweza kwenda makwao lakini hawakutaka kukosa mwisho wa hadithi. Nahodha alikuja pia, na ndugu yake. Nikahesabu: tuko kumi na kuku.

Zuhura alikuwa ufukweni na wanawake wa kule, ameinama, anageuza dagaa kwa ufagio wa chelewa. Nilimtambua kwa mgongo. Alipotuona aliweka ufagio wima mchangani, akaushika kwa mikono miwili.

"Umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe."

"Kuna dadu nyingine imepotea?"

Nilistahili. Nikampa Bibi Ntahondi kuku wake, nikapiga magoti palepale, kati ya dagaa, nikasema kwa sauti ya jikoni, ile inayofika bweni la mwisho. Nikasema, "Huyu ni Zuhura wa Bangwe. Nilimwita mwizi mbele ya watu, nikasema ametubadilishia dadu. Hakubadilisha. Dadu niliileta mimi. Kosa la tano mbili nilifanya mimi, kwa kutosikiliza ninachokisema. Zuhura si mwizi, hajawahi kuwa mwizi, na mimi nimekuja kusema hivyo kwa mdomo uleule." Nikaitoa dadu, nikampa, nikamwonyesha kitone cha Gervas. Nikaeleza salamu zile zote, mpaka mguu wa ng'ombe.

 Zuhura aliigeuza dadu taratibu, upande kwa upande.

"Kumbe ni salamu," akasema.

"Ni salamu."

Akaketi mchangani kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilidhani analia, kumbe anatikisa kichwa.

"Adela, mimi nilijua sikubadilisha dadu. Na kama si mimi, basi ni wewe uliyeileta hivyo makusudi. Miezi miwili nimekaa nikijua mwizi ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Nikajiuliza, Adela anatuibia, halafu nikishinda kwa wizi wake anakasirika?"

Hasira ikanipanda, nakiri. Nimepiga magoti kwenye dagaa, nimeumwa mgongo, nimebebeshwa kuku, na huyu ananiita mwizi! Nikafungua mdomo.

"Sasa kwa nini hukusema? Ungesema palepale, 'Dadu ni ya Adela!' Kila mtu alijua niliileta mimi!"

Zuhura akanitazama kama alivyonitazama Jumapili ile.

"Mwalimu alikuwa amekaa pale," akasema. "Wewe ndiye unayeshika funguo za stoo ya shule. Akisikia Adela ni mwizi wa dadu, siku maharage yakipungua kilo moja atamtazama nani? Una watoto watatu wanaokula kwa funguo hizo. Mimi nina mikono tu, naweza kugeuza dagaa popote. Nikasema, haya."

 Yaani lile "haya" lake, ambalo sote tulilisikia kama kukiri, lilikuwa hilo. Alidhani mimi ni mwizi, na bado alinibebea. Nililia, tena si kwa heshima. Bibi Ntahondi alinipa ncha ya tenge lake nijifute, akamnong'oneza nahodha, akisikika na kila mtu, "Sasa hii ndiyo ramli."

Nilikaa Buhingu siku mbili nikisubiri boti. Kwa mjomba tulikula samaki, kuhe wa mchuzi wa mawese, na maharage ya Mwasiti, na jioni yake tukacheza Nanga kwa dadu tano. Zuhura alinishinda mara mbili. Niliosha vikombe vya nyumba nzima na sikusema kitu.

Siku ya kuondoka nikamwambia, "Twende." Alikuwa anasuka ukingo wa wavu.

"Msamaha nimekupa," akasema, "lakini msamaha wangu hauanui dagaa wa Bangwe. Wale wanawake hawakuwepo hapa juzi."

"Nitawaambia."

"Waambie kwanza. Wakikubali, nitumie neno kwa nahodha." Akanirudishia dadu ya mti mkononi, akanifumba vidole. "Chukua, utaihitaji."

Kurudi

Kurudi hakukuwa na jambo. Mashine haikukohoa, na kitanda hakikuwepo. Nilishuka jana asubuhi, na sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja mwaloni na mzigo kichwani, wanawake wakiwa ndio kwanza wanamwaga dagaa mchangani. Nilisimama pale Zuhura alipokuwa anakaa. Pameota majani kidogo, na mtu amerundika makopo.

Nilisema yote, kuanzia Gervas mpaka funguo za stoo. Ya funguo nilikuwa naogopa kuyasema, Mwalimu, na sasa unayasoma. Kama kuanzia kesho utakuja kupima maharage yangu, njoo, mizani iko nyuma ya mlango. Dadu ilizunguka mikono yote yenye magamba mpaka ikamfikia Mama Shabani, ambaye ndiye wa kwanza aliyeondoa dagaa wake kwa Zuhura. Aliigeuza, akahesabu vitone kwa kidole. Akahesabu tena.

"Kwa hiyo tulimfukuza mtu kwa sababu ya salamu?"

"Kwa sababu ya mdomo wangu," nikasema. "Salamu haina kosa."

 Mama Shabani alinipa dadu, akaokota makopo moja moja akayatupa, akang'oa majani, akachukua ufagio akaanza kupafagia. Wa pili akaleta ndoo ya maji kumwagia vumbi. Hakuna aliyesema Zuhura arudi. Walifagia tu mpaka pakawa peupe, kisha Mama Shabani akamwaga pembeni yake beseni zima la dagaa wabichi, akaondoka kwenda sokoni bila kumwachia mtu yeyote ulinzi. Nilibaki nao mimi, nikafukuza ndege nimesimama hadi jioni. Ndiyo sababu ya miguu, Hawa.

Neno nimeshampa nahodha. Boti ya kusini inaingia Ujiji Alhamisi asubuhi, nahodha akipenda. Mimi nitakuwa pale tangu alfajiri, na ninyi mlionyamaza Jumapili ile mtakuwa pale pamoja nami, kila mtu na mdomo wake.